Ndege Ilivyomwinamia Baba Mkubwa

Jumatatu, 4 Agosti

Kamati ya mazishi imekutana Homa Bay, nyumbani kwa Wesley. Nimerudi Migori na furaha ambayo si ya mfiwa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kuionyesha kwingine.

Baba Mkubwa anazikwa Jumamosi. Huyu ndiye mzee aliyesimama siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe, akasema mimi nitaanguka hata nikilazwa kwenye mkeka. Watu walicheka mpaka wali ukapoa. Nami nilicheka. Ni miaka kumi na tisa sasa, na bado watoto wa ukoo wakiniona wananiuliza mkeka wangu uko wapi.

Wesley ni mwenyekiti wa kamati na mzee wa kanisa, mtu wa kusimama hata anapoomba chumvi. Alisimama akasema ukoo wenye marubani wawili hauwezi kumzika mkubwa wake bila ndege kupita juu. Marubani wawili! Mmoja ni Byron, mwana wa marehemu, daktari wa meno, mtu anayepiga pasi hata leso. Wa pili ni mimi, Barnabas, muuza mabati wa Suna, hapa Migori. Byron atakuwa kando ya jeneza la baba yake. Kwa hiyo nani anabaki? Niliinama nikatazama viatu vyangu ili wasione meno.

Nitapita juu ya mzee aliyesema nitaanguka. Nitapita na hatajibu.

Elijah, atakayeshika kipaza sauti, alileta tatizo. Alisema kila mgeni wa heshima hutambulishwa: jina lake, kwao ni wapi, ni mtoto wa nani. Ndege haiwezi kupita vuu na kupotea kama mtu aliyekosea boma. Ipite polepole, dakika mbili hivi, baada ya mafahali kukimbizwa kuzunguka boma kufukuza kifo kama desturi yetu. Kamati yote ikakubali. Nami nikakubali. Nilisema polepole ndiyo fani yangu.

Nikampigia simu Kapteni Mellen. Yeye ni mwalimu wa chama chetu cha urukaji hapa uwanja wa ndege wa Lichota, na funguo za ile Cessna yetu moja hulala kwake. Mwanamke wa Ntimaru, mfupi, hatabasamu mpaka magurudumu yaguse nyasi. Nilimweleza mpango wa Elijah.  Kisha akasema ndege haitambulishwi. Akasema juu ya mazishi, juu ya harusi na juu ya nyumba ya mama ndiko marubani wanakofia. Unapunguza mwendo uonekane, unatazama watu badala ya kutazama kasi, unakata kona kali, na bawa linaacha kubeba. Injini inanguruma vizuri kabisa na wewe unaanguka. Tena bawa moja likitangulia, unaanguka ukizunguka.

Atakayepita juu ya mazishi, asema, atafanya kwanza jaribio naye kabla ya Ijumaa: kuifikisha ndege kwenye ukingo huo huko juu sana, kisha kuiokoa.

Jaribio hilo nimelikwepa mara tatu. Malaria, harusi, malaria.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi na Kapteni juu ya mbuga za Ogwedhi. Leo ni siku ya mnada. Ng'ombe walionekana chini kama maharagwe yaliyomwagika. Niliwaonea wivu.

Mambo ni haya. Unapunguza gesi. Unainua pua. Unazidi kuinua, ingawa kila mtu mwenye akili angeacha. Mbele ya bawa la kushoto kuna tundu dogo, na bawa likikaribia kuchoka tundu hilo linapiga king'ora, sauti ya mbuzi anayekabwa shingo. Hapo unatakiwa usukume usukani mbele. Mbele! Unaanguka, halafu unaambiwa uelekeze pua chini uendako kuanguka!

Nilivuta. Nani asingevuta? Mikono yangu ina akili timamu. Bawa ndilo lenye wazimu.

Kapteni alipiga kelele, "Sukuma kwanza, Mzee Barnabas! Utalia baadaye!" Sikuwa nalia. Yalikuwa macho tu. Tulirudia mara nne, nami nikavuta mara nne. Ya nne nilitapika ndani ya kofia yangu ya kanisani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Tulipotua, tukamkuta Byron. Amekuja kutoka Homa Bay kujinoa, asema, akili itulie kabla ya maziko. Akapanda na Kapteni huku mimi naosha kofia kwenye bomba. Nilisikia ndege ikipanda, ikinyamaza, ikinguruma tena, kwa utaratibu, kama mtu anayeswaki. Waliposhuka shati lake lilikuwa bado ndani ya suruali. Kapteni akasema, "Safi, daktari." Kwangu hajawahi kusema safi hata nilipomletea mabati ya banda la ndege.

Mtu amefiwa na baba yake mzazi, halafu anaruka bila kutetemeka! Huo si utulivu. Ni ukosefu wa adabu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata mbinu. Nilikwenda zahanati iliyo jirani na duka langu, kwa nesi Lynnet, nikamweleza kuwa shingo yangu haivumilii misukosuko. Nilishika shingo nikaugua kidogo. Lynnet alinitazama kwa muda, akaandika barua safi yenye muhuri: mgonjwa asitikiswe shingo wiki mbili.

Niliipeleka Lichota mwenyewe, shingo ikiwa imenyooka. Nikamwambia Kapteni kwamba kwa masikitiko makubwa jaribio la kuangusha ndege haliwezekani, lakini kupita polepole juu ya watu hakutikisi shingo, kwa hiyo Jumamosi iko palepale.

Akasoma mara mbili. Akasema barua ni nzuri. Akasema mtu mwenye shingo ya namna hii haruhusiwi kurusha ndege kabisa, Jumamosi wala Jumapili, akachukua kalamu akaanza kufuta jina langu kwenye ubao.

Nikakimbia hadi zahanati. Mbio hizo Lynnet aliziona dirishani. Nilimsihi aandike barua ya pili kwamba nimepona. Akaniuliza nimepona lini. Nikasema njiani. Alicheka mpaka wagonjwa kwenye benchi wakasogea kusikiliza, kisha akaandika: shingo nzima, kichwa kikachunguzwe. Ilibidi niikate hiyo sehemu ya pili kwa mkasi.

Kapteni alipokea nusu ya barua. Hakuuliza nusu nyingine iko wapi. Jaribio ni kesho saa nne asubuhi.

Nimekasirika sana leo. Hakuna mtu katika ukoo huu aliyewahi kupewa kitu kwa mtihani. Byron alipewa ubora tangu tumboni. Mimi peke yangu ndiye wa kujaribiwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya. Naiandika yote ili siku moja wajue nilivyoonewa.

Usiku kucha niliwaza, na asubuhi nikaelewa: tatizo langu si bawa. Tatizo ni king'ora. Bawa likichoka kimyakimya mimi sishtuki. Kikilia kile kimbuzi, ndipo mikono inavuta. Ukiondoa kelele, unaondoa hofu, na ukiondoa hofu, Barnabas ni rubani kama yeyote.

Nilifika Lichota mapema. Nikaziba lile tundu la bawa kwa kipande cha utepe mweupe wa dukani kwangu. Mweupe juu ya mweupe. Ni ule utepe niliochapishiwa jina la duka, lakini herufi ni ndogo, na Kapteni alikuwa amekwishakagua ndege, yuko anajaza mafuta upande wa pili. Nani angesoma?

Juu ya Ogwedhi mambo yalikuwa matamu. Nikapunguza gesi. Nikainua pua. Kimya! Nikainua zaidi. Kimya kitakatifu! Kapteni akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango. Mimi natabasamu. Nilikuwa hata nimegeuza uso nimwonyeshe tabasamu lenyewe, mguu mmoja umejisahau kwenye kanyagio, ndipo bawa la kushoto likaondoka.

Sina neno jingine. Liliondoka. Dunia yote ikaja ikasimama mbele ya kioo, ikaanza kuzunguka. Ogwedhi, Narok, Ogwedhi, Narok. Ng'ombe wa maharagwe wakawa ng'ombe wenye pembe. Nilivuta usukani hadi tumboni. Nilivuta kwa ajili ya mke wangu na mabati yangu yote. Kapteni alikuwa ananiambia niachie, niachie, kwa sauti ya chini kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko king'ora. Kisha akanipiga kiwiko mkononi, nikaachia. Akakata gesi, akakanyaga upande wa pili, akasukuma mbele. Dunia ikaacha kuzunguka. Akaiinua ndege taratibu kama mtu anayebeba sufuria ya uji.

Tulitua Lichota. Alishuka akaenda moja kwa moja kwenye bawa la kushoto. Niliwahi kumwambia ni nyigu. Nyigu wa huku wanajenga popote, wanaziba matundu yote. Akabandua utepe. Akausoma kwa sauti, mbele ya fundi na mlinzi: Barnabas Mabati, Suna, Paa Lisilovuja. Akasema nyigu wa Migori wameendelea, sasa wana duka. Akaubandika kwenye mfuko wa shati langu, upande wa moyo, akaenda kunywa chai.

Baadaye alikuja kuniambia, bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. King'ora ni rafiki yangu wa mwisho, asema. Kila kitu kingine kitaniacha nianguke nikiwa natabasamu, hicho kimoja tu ndicho kitapiga kelele. Nami nimekiziba mdomo.

Sitarusha ndege Jumamosi. Atairusha yeye.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeshinda dukani bila kuuza hata msumari. Nilitaka kusema nina mafua nisiende kabisa. Niliwaza jinsi ukoo utakavyosema. Mkeka, mkeka, mkeka.

Mchana simu ya Kapteni. Mama yangu amempigia! Alipata namba kwa Byron, bila shaka Byron alifurahi kuitoa. Mama Rael ana miaka themanini na moja, anaishi boma hilohilo la mazishi, nyumba ya mwisho upande wa chini. Macho yake makali bado. Majirani humletea sindano awatungie uzi. Alimwambia Kapteni kwamba hajawahi kumwona mwanawe angani. Alimwomba, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwalimu, ukae na yeye tu. Nione yeye mara moja, basi."

Kapteni akasema kwa ajili ya mama huyo nitakaa kiti cha kulia nitupe maua dirishani. Mikono juu ya mapaja. Nikigusa usukani ataniacha Kabunde, uwanja wa ndege wa Homa Bay, nitembee. Atapita mara moja tu, juu, kwa mwendo kamili, bila kona. Atakuwa anaangalia barabara na miti, si watu.

Nililia kidogo nyuma ya mabati. Sijui kwa nini. Nadhani ni hasira.

Kisha nikapata wazo nikampigia Elijah. Nilimwambia rubani atakuwa mimi, na yule mama wa pembeni ni wa kutupa maua. Nikamtumia maelezo yote ya kunitambulisha. Alisema ni marefu. Nikamwambia asifupishe.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa Homa Bay, nyumbani kwa mama, jua bado lipo. Herufi zinapinda, lakini ni kwa furaha.

Tuliondoka Lichota saa tano. Ndoo ya maua magotini. Kapteni hakuongea ila na redio. Baada ya robo saa hivi, ziwa likaonekana kushoto, kisha boma letu: mahema meupe, magari, watu kama siafu, mafahali tayari wamezungushwa na wamefungwa pembeni wakihema. Nikamwona Wesley akipunga kitambaa cheupe. Nikamwona Byron kando ya jeneza, suti imenyooka hata kutoka juu.

Tulipita. Nikatupa maua. Upepo ukayarudisha yote mkiani, machache yakaangukia mahindi ya jirani. Ikawa imekwisha. Sekunde kumi! Siku tano za mateso, sekunde kumi!

Ndipo nikamwona mama. Amesimama peke yake kando ya jiko lake, mwavuli wa kijani mkononi, na amegeukia ziwani. Kule sauti ilikotangulia. Alikuwa anatafuta ndege upande ambao ndege haipo. Nilipiga kioo. Nikaita, Mama! Kama mjinga, nikaita. Akazidi kutazama ziwani, na sisi tunaondoka.

Sikufikiri. Nilishika usukani nikaukata kushoto, nikavuta, ili tumzunguke, ili ageuke. Nilimtazama yeye tu. Mwavuli ule tu. Nikavuta zaidi ili usiponyoke kwenye kioo.

King'ora kikalia.

Nilijua maana yake. Naapa nilijua. Na nilivuta.

Bawa likaondoka. Nikaona paa la mama, mabati niliyompigilia mimi mwenyewe mwaka jana, kila msumari. Kapteni alinipiga kifuani kwa kiwiko hadi pumzi ikakata, akasukuma, akasukuma, na paa likawa kubwa, na migomba, na uso wa mwanamke mmoja mdomo wazi, kisha tumbo langu likabaki chini na sisi tukapanda. Hema moja lilibebwa na upepo wetu. Fahali mmoja alikata kamba.

Tulitua Kabunde. Kapteni alizima injini, akashuka, akakaa kwenye nyasi, akashika mkono wake mmoja kwa mwingine ili utulie. Sikujua mikono yake hutetemeka. Nilitaka kusema pole. Nikasema naona maua hayakufika vizuri.  Aliingia kwenye ndege peke yake akaruka kurudi Migori.

Nilichukua bodaboda hadi bomani, nimejiandaa kutukanwa. Nikakuta nini? Vigelegele! Kumbe Elijah alikuwa ndiyo kwanza amefika jina langu kwenye maelezo, ndege ikainamisha pua. Akapaza sauti, "Jothurwa, watu wetu, tazameni! Ndege inamwinamia jaduong', mzee wetu!" Watu wote wakasimama. Wazee wakavua kofia. Hawajawahi kuona ndege ikimpigia marehemu goti. Mafahali wamefukuza kifo chini, wanasema, na Barnabas amekifukuza juu. Wesley alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuna aliyetaja mkeka.

Byron alinikumbatia mbele ya watu wote akilia. Wakapiga makofi. Lakini sikioni alininong'oneza, "Omera, ndugu yangu, mlikuwa mmekufa. Nilikuwa nahesabu sekunde."

Wivu hata siku ya kumzika baba yake!

Jumapili, 10 Agosti

Ibada. Mhubiri alitumia ndege yangu kama mfano wa unyenyekevu. Nilikaa mstari wa mbele.

Ujumbe wa Kapteni uliingia wakati wa sadaka. Nimeondolewa kwenye chama, anaandika ripoti kwa mamlaka inayohusika, leseni yangu niirudishe mwenyewe kabla hawajaifuata. Mwishoni aliandika: Mwambie mama yako samahani, mimi ndiye niliyekuruhusu ukae pale. Sijui anamwomba mama samahani ya nini. Mama amepata alichotaka. Aliniona.

Ila mama hajala tangu jana. Nilimpelekea chai, hakuigusa. Nikamkalia karibu nikamsimulia wazee walivyovua kofia. Alinishika shavu, kwa ile mikono yake ya baridi, akasema kwa Kijaluo, "Wuoda, ne ipodho." Kwamba mwanawe alianguka. Nikamwambia hapana, mama, niliinama. Niliinama kwa heshima. Akatikisa kichwa. Akasema alisikia ndege nyuma yake ikigeuka, naye akageuka, akatazama mpaka mwisho, na ile haikuwa kuinama. Akarudia neno lake lilelile, akajifunika leso.

Nilikasirika nikatoka nje. Watu mia tano waliona heshima. Mmoja tu ndiye aliyeona kuanguka, na ilibidi awe mama yangu.

Ni uzee. Macho yake yameanza kuchoka.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudi Suna. Dukani wateja wananiita Kapteni. Wanachelewa kununua, wanataka simulizi kwanza.

Leo amekuja Bichage, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Ogwedhi, miwani nyeusi, mtu mzito. Baba yake anafanyiwa ukumbusho mwisho wa mwezi. Habari za ndege inayoinama zimemfikia mnadani. Anataka hiyohiyo, pua chini na vumbi lipande. Nilimweleza kuwa si kila rubani anaweza. Akasema ndiyo maana amekuja kwangu.

Ndege ya Lichota siwezi kuipata tena. Leseni imo kwenye bahasha, nitairudisha, ila hakuna aliyesema nirudishe mwezi gani. Nimempata mtu upande wa Rongo, Tony, ana kindege cha viti viwili alichokiunga mwenyewe, na haulizi maswali. Nilikwenda kukitazama mchana. Kidogo, chepesi, kinageuka papo hapo. Nikapitisha kidole mbele ya bawa lote la kushoto, toka mwanzo hadi mwisho. Hakina tundu. Hakina king'ora kabisa! Nimeokoa utepe.

Tumekubaliana nitakijaribu Ijumaa. Ogwedhi ni mbali kwa jaribio la kwanza, kwa hiyo nitaelekea Homa Bay, nyumbani. Nimempigia mama nikamwambia asimame kando ya jiko na mwavuli wake wa kijani. Akauliza kwa nini. Nikasema ataona. Alikata simu. Nadhani salio liliisha.

Safari hii nitapita chini zaidi na polepole zaidi, ili aone vizuri.